Kibali cha Kupiga Mbweha

Everline, karani wa vibali katika mji mdogo wa ughaibuni, kupita Mesquite, humtambua mfuga kuku kabla hajafika dirishani: hufuta viatu mara mbili, kisha hunyoosha karatasi zake kwa kiganja kama anayepiga pasi. Sheria ya mji humtaka kila anayeomba kupiga mbweha aeleze kwa nini amechagua bunduki ya ukubwa huo. Wengine huandika mstari mmoja. Yeye ameleta barua ya kurasa nne, yenye "Yah:" na ramani ya shamba.

"Nyinyi Watanzania! Hata mbweha mnamwandikia barua," Everline akamtania.

"Kuku wamebaki kumi na mmoja, dada. Nitaandika hata kitabu."

"Mkubwa wangu anauliza, mbona risasi ndogo hivi? Jirani zako wote wanaomba kubwa."

"Wao wanafikiria siku watakayompata. Mimi nafikiria siku nitakayomkosa. Hii ikiingia kwenye tuta la udongo nyuma ya banda, inaishia humo." Sauti yake haikupanda wala kushuka.

Everline akachukua muhuri. "Tangu uchore ramani hii, kuna kitu kimebadilika?"

Mfuga kuku akakuna ukucha wa dole gumba. "Jumamosi jirani aliwafungia wajukuu wake bembea. Pembeni mwa tuta."

"Si ungenyamaza tu, mzee? Kuanza upya ni wiki sita."

"Najua." Akaivuta ramani kutoka chini ya muhuri, akaikunja taratibu. "Nipe fomu nyingine, dada. Nitapimia upande wa pili."