Ukilala Kinaacha?

Tulikuwa kwenye foleni ya kliniki, Kibaha, mwanamke mmoja kijana alipojinyoosha kwenye benchi akalala. Waliokuwa wamekaa wakalazimika kusimama.

"Inuka, mwanangu, watu wanatutazama," alisema mama mkwe wake.

"Mama, nikikaa kichwa kinapasuka. Nikilala kinaacha."

Mama mkwe akanigeukia mimi. "Alipasuliwa uvimbe wa maji kwenye uti wa mgongo. Mwezi wa pili sasa, kazi yake kulala tu. Mihogo yote kule Masaki ya Kisarawe nimelima peke yangu."

Nesi aliyekuwa akipita na mafaili alisimama, akachuchumaa kando ya benchi. "Hebu rudia, dada. Ukilala kinaacha?"

"Kinaacha kabisa."

Nesi akaenda kuleta kitanda cha magurudumu. Daktari alipompima alisema maji ya uti wa mgongo yanavuja pale alipopasuliwa, ndiyo maana akikaa kichwa kinauma, na kwamba panaweza kuzibwa. Mama mkwe akavua kanga ya begani, akaikunja, akamwekea mkwewe chini ya kichwa.

"Nisamehe, mwanangu. Nilidhani uvivu."

Juzi niliwakuta sokoni Kisarawe. Mguu mmoja wa yule binti bado una ganzi, lakini alisimama akibishana bei ya dagaa mpaka muuzaji akasalimu amri.

Nami nina la kukiri. Siku ile maneno ya mgonjwa niliyasikia kabla ya nesi, tena kwa karibu zaidi. Nilichofanya ni kusogeza begi langu.