Magoti ya Mtani Wangu

Juzi nilipita Makomeno, mtaa wetu wa zamani, kutafuta fundi wa friji, nikajikuta nimesimama mbele ya ukuta. Ndugu yangu, uwanja wetu wa baskete umekwisha! Wamejenga nyumba ya ghorofa, na pale palipokuwa na kikapu cha upande wa barabara wameanika nguo za watoto. Nilirudi nyumbani na moyo mzito, wala si kwa ajili ya uwanja.

Tulikuwa wawili tunaocheza namba nne, yule mtu wa kupigana chini ya kikapu: mimi na mtoto wa jirani. Baba yake alikuwa fundi cherehani, Mwislamu wa Maniema. Sisi Wakatoliki wa kaskazini. Babu zetu walikuwa watani tangu walipojenga reli pamoja. Basi kila asubuhi, king'ora cha kiwanda kikilia na moshi ukitukwaruza koo, alinipigia kelele juu ya ua: "Mutumwa wangu, umeamuka?" Nami nilimrudishia tusi kubwa zaidi. Mama alisonga bukari huku akicheka.

Nani alikuwa mkali? Watu walibishana hata Jumamosi kwenye salongo, ile kazi ya lazima ya serikali, majembe yamelala chini. Mimi nilikuwa na kifua. Nikisimama, hakuna wa kunisukuma. Yeye alikuwa mwembamba, lakini alifunga kwa mkono wowote. Tena mpira ukigonga chuma, mimi niliona umeangukia wapi, yeye alijua utaangukia wapi. Leo naweza kusema hivyo. Wakati ule ningekufa kwanza.

Mwaka wetu wa mwisho wa shule akaja afisa wa timu ya kampuni ya shaba, mgeni kutoka Kinshasa. Nafasi ilikuwa moja tu, na nafasi ile ilikuwa kazi, nyumba, na unga kila mwezi. Alitutazama tukicheza, akashindwa kuchagua. Akaniita mbele ya wote.

"Citoyen, mwenzako huyu unamwonaje?" akauliza, maana serikali ya wakati ule ilitaka kila mtu aitwe hivyo, mwananchi.

Sasa, mtu akikuuliza habari za mtani wako mbele ya watu, unamsifu? Haiwezekani, ni aibu!

"Ule?" nikasema. "Magoti yake iko ya mama muzee. Akiruka mara mbili, anaomba kiti!"

Uwanja mzima ulicheka, na yeye alicheka kuliko wote. Afisa hakucheka. Aliandika kitu kwenye karatasi yake, na mimi nilimwona akiandika.

Barua ilikuja na jina langu. Baba akasema utani hauna kesi. Mama alikataa. "Enda umwambie ule bwana ulikuwa unamutania," akasema. Nilifika hadi mlango wa ofisi, nikawafikiria wadogo zangu sita na lile gunia la unga, nikarudi. Hapana, nisikudanganye: niliifikiria jezi.

Yeye alibaki kwenye cherehani ya baba yake. Hakunigombeza hata siku moja. Ila asubuhi, juu ya ua, pakawa kimya.

Miaka mingi baadaye mama alifariki, na watani wakaja kama ilivyo desturi. Walilala kwenye njia ya jeneza, wakadai soda, wakatutukana mpaka tukacheka na machozi yetu. Mimi nilimngoja yeye. Nilitaka anitukane mbele ya watu wote. Alifika mwishoni, mvi kichwani, akitembea vizuri kabisa kwa magoti yake. Akanishika mkono kwa mikono miwili, akainama kidogo.

"Pole sana, mukubwa," akasema, akaenda kukaa na wageni.