Nilinunua hybrid hapa Bunia, mama bokilo akaivalisha nguo, karibu ife

Wakuu, nawasalimu toka Bunia, kwenye vumbi nyekundu na baridi ya asubuhi.

Ninawasomaga kila siku bila kuandika kitu. Leo acha na miye niseme. Haya yamenipata miye mwenyewe, chumvi sijatia, na muke wangu Furaha amekaa hapa pembeni anasoma kila mustari. Nikidanganya atanikatiza palepale. Kiswahili changu ni cha kwetu Ituri, munivumilie.

Miye ni mwalimu wa histoire, historia, mu secondaire. Mutaa muzima wananiita Prof, mpaka mama anayeniuzishia mikate.

Nilipotaka gari, rafiki zangu wote waliniambia nitafute ya kawaida, zile zinazopitia Uganda, usukani kuume. (Ndiyo, huku siye tunaendesha upande wa kuume na usukani pia iko kuume. Ukitaka kupita lori, unamuuliza abiria wa pembeni kama njia iko wazi. Akisema uongo mumekwisha wote.)

Miye nikachukua hybrid. Bateri kubwa nyuma, moteri ya esansi, petroli, mbele, na moteri ya umeme inasaidia.

Dédé, mekanisie wetu tangu zamani, alicheka mpaka akakaa chini. "Prof, weye hukununua gari, ulinunua leçon!"

Sasa wakuu, hapa munipatie dakika, juu ile leçon, lile somo lenyewe, iko na maana.

Watu wengi wanafikiri hybrid ni kitu cha jana. Hapana. Mwanzo wake ni mwanzo wa karne iliyopita, wakati gari zenyewe zilikuwa bado changa. Kule Ulaya kulikuwa injinia kijana aliyeweka moteri za umeme ndani ya magurudumu, na moteri ya esansi kazi yake ikawa kuzalisha umeme tu. Na Ubelgiji, ndiyo, walewale Wabelgiji wetu, kulikuwa fundi aliyeunganisha moteri mbili: kwenye mulima ile ya umeme inasukuma, kwenye muteremko inarudisha moto, njo umeme, mu bateri. Njo kazi hiyohiyo gari yangu inafanya leo kwenye milima ya Ituri!

Kwa nini zikapotea? Siyo kwamba wazo lilikuwa baya. Bateri za risasi zilikuwa nzito kama jiwe, bei yake kali, na zilitaka kuangaliwa sana. Upande mwingine gari ya esansi ikawa rahisi, ikatengenezwa kwa wingi, na ilipopata démarreur ya umeme, kile kitu cha kuwashia moteri, kuzungusha ile chuma ya mbele kwa mukono kukaisha. Watu wakasahau hybrid karibu karne nzima, mpaka Wajapani walipoanza kuziuzisha kwa wingi mwisho wa miaka ya tisini.

Kwa hiyo tangu zamani, swali la hybrid ni bateri. Hiyo niliifundisha darasani kwa sauti kubwa. Kuielewa ilikuwa mambo mengine.

Turudi kwenye gari.

Huku siye tunamwita mukwe "bokilo". Na kwa watu wa muke wangu, mukwe mwanaume na mama bokilo, mama ya muke wake, hawaongei uso kwa uso. Heshima. Nikiwa na neno namwambia Furaha, Furaha anamwambia mama yake, hata kama mama amekaa pale mbele yangu anasikia kila kitu. Jibu linarudi njia ileile. Munacheka? Siye tumezoea, na inaepusha ugomvi mingi.

Mama bokilo alikuja kuangalia gari. Akaizunguka yote, akapangusa kiti cha nyuma na kidole, akaangalia vumbi kwenye kidole, akarudi kwake.

Kisha akatuma zawadi: nguo ya kiti cha nyuma, ameishona yeye mwenyewe. Wakuu, ile nguo ilikuwa nzuri! Tena kitambaa chenyewe kilikuwa kikwembe, kitenge chake alichovaa siku ya ndoa yetu. Alikitunza miaka yote, sasa amekikata kwa ajili ya gari ya mukwe wake. Nilisimama pale kama mujinga, machozi karibu.

Kilifunika kiti chote, toka juu mpaka chini, na pembeni pia. Pembeni ya kiti kulikuwa ka-grille, kadirisha kadogo ka plastiki kenye matundu, na pale alikaza élastique, mpira wa ile nguo, vizuri sana. Akatuma neno kupitia Furaha: "Umwambie nimefunga na ile tundu. Njo fasi vumbi inapitia."

Nikamrudishia asante mara mbili. Gari ikawa safi kama sebule. Watu waliopanda walikuwa wanaisifu ile nguo kuliko gari.

Muda ukapita. Kiangazi kikafika, jua kali, vumbi mpaka kwenye meno.

Kila samedi, Jumamosi, barabara ikiwa tulivu, tunaendaga Marabo kuchukua maharagi ambayo Furaha anauzisha hapa mujini. Siku moja kurudi, kwenye mupando wa mulima, gari ikakosa nguvu. Nyuma ikaanza kulia vuuuu kama kuna mutu anapuliza moto. Kisha tableau de bord, pale mbele ya usukani, ikawaka taa, nyekundu na ya njano pamoja, mpaka nikafikiri ni Noeli.

Nikaipeleka kwa Dédé. Akaunga kamashini kake ka kupima gari, akaangalia, akatingisha kichwa kama dokta mwenye habari mbaya.

"Bateri imekufa, Prof. Tutoe mambo yote ya umeme, tuweke moteri ya kawaida. Utapumzika."

Wakuu, niliumia. Ile gari ilikuwa jasho letu la miaka, miye na Furaha. Na siyo hiyo tu. Kung'oa hybrid ilikuwa kama kukubali kwamba wote waliocheka walikuwa na haki. Nilikataa kwanza, lakini taa zikawa zinawaka kila safari, na Furaha anahitaji maharagi yake. Mwishowe nikasema sawa, lundi, wiki ikianza, ng'oa.

Samedi ya mwisho tukaenda Marabo polepole, kama kuaga. Kiti cha mbele kilikuwa na matrei ya mayai ya watu, basi Furaha akakaa nyuma na mifuko yake. Ile sauti ikaanza tena, vuuuu. Furaha akaniita kwa jina la mutoto wetu.

"Baba Gloire, simamisha gari."

"Mayai yamevunjika?"

"Simamisha nakuambia! Kuko kitu hapa kinavuta kikwembe ya mama."

Nikasimama. Nikageuka. Kweli wakuu, pembeni ya kiti, palepale mama alipokaza élastique, nguo ilikuwa imezama ndani ya ka-grille kama mashavu ya mutu anayenyonya embe. Nikaivuta, ikarudi. Nikaiachilia, ikanyonywa tena.

Nikaweka mukono. Nikasikia hewa inaenda ndani.

Hapo leçon yangu yote ikanigeukia. Mwalimu muzima! Nimefundisha watoto wa watu kwamba bateri njo roho ya hybrid na inataka kuangaliwa, na sikuwahi hata kujiuliza hii yangu inapumulia wapi. Bateri iko chini ya kiti cha nyuma. Inapofanya kazi inapata joto. Kuna ventilateur inayovuta hewa ya ndani ya gari kuipoza, na mudomo wake ni ka-grille kale. Siye tumeuziba kwa mapendo.

Nilianza kucheka peke yangu barabarani, Furaha akafikiri nimepata wazimu.

Tulivua ile nguo, tukarudi polepole. Dédé akafungua kule pembeni: vumbi nyekundu na manyoya ya kitambaa vimeshikamana kwenye ventilateur kama kiota. Akasafisha vizuri, akafuta taa kwa mashini. Tukatoka kuijaribu kwenye mupando mukali. Gari ikapanda kimya, hakuna kulia, hakuna taa.

Dédé akanipiga begani. "Prof, ile moteri ya kawaida utawaachia wengine." Nikamukumbatia na mafuta yake yote.

Muliona? Furaha tele. Lakini tulisahau kitu kimoja.

Dimanche, kutoka kanisani, mama bokilo akapita kwetu bila kutangaza, na kitunga cha ndizi kichwani. Gari iko mu parcelle, uwanjani kwetu, milango yote wazi, tumeiosha tunaikausha. Kiti cha nyuma iko uchi.

Akasimama. Akaangalia. Akamwambia Furaha, polepole kabisa:

"Naona gari imevua nguo."

Akaweka ndizi chini, akakataa chai, akageuka kuondoka. Wakuu, mama anayekataa chai kwetu, jua umemuumiza mpaka ndani. Ile ilikuwa nguo yake ya siku ya ndoa ya mutoto wake. Furaha alikuwa ananiangalia, miye ninamwangalia yeye. Jana yake jioni tulikuwa tumebishana nani atamwambia. Miye siruhusiwi, na yeye anaogopa. Tukaamua kungoja. Kungoja nini, sijui.

Nikasema, "Furaha, mwambie mama anisamehe, akae kwanza."

"Mama, anasema umusamehe, ukae."

"Umwambie niko sawa, nimeona," mama akajibu, ameangalia ukuta.

"Mwambie nguo yake ni nzuri kuliko gari yenyewe. Mwambie gari iko na pua pale pembeni. Bateri inavuta hewa, na siye tuliifunga pua."

Furaha akaanza kupeleka neno, akajichanganya, bateri ikawa moteri na pua ikawa mudomo. Mama akakunja uso.

Basi nikaacha maneno. Nikawasha gari, nikangoja ventilateur ianze, nikasogea mbali kwa heshima. Furaha akamushika mama yake mukono, akamwingiza nyuma, akauweka ule mukono kwenye ka-grille.

Mama akakaa hivyo. Akaondoa mukono, akaurudisha. Akachukua ncha ya kilemba chake, akaisogeza, ikanyonywa.

"Kumbe iko inapumua," akasema.

Kisha akatoka mu gari, na sura yake ikawa kali kuliko mwanzo.

"Na munajua hii tangu jana? Munaniacha nibaki muuaji wa gari yenu, na munaogopa kuniambia? Miye ni mutoto mudogo?"

Hakumwambia Furaha. Aliniangalia miye. Nilitazama viatu vyangu.

Akaomba makasi na sindano. Pale pale, kwenye kiti cha plastiki mu parcelle, akakata dirisha kwenye kikwembe chake, sawasawa na ka-grille, na akaulizia kipande cha moustiquaire, chandarua. Akakishona pale kama chujio, laini, hewa inapita lakini manyoya hayapiti. Akasema kitasafishwa kila samedi, na aliponyanyua macho nilijua nani atakisafisha. Chai akanywa, vikombe viwili.

Miezi imepita sasa. Gari iko nzima, bateri ileile, na esansi inakula kidogo. Wiki ile esansi ilikosekana mujini, waliocheka ndio walikuwa wananiomba lifti.

Munaotaka kununua hybrid, nawaambia yangu. Musiogope kwamba ni mambo mapya, wazo ni la zamani kuliko mababu zetu. Uogope joto na vumbi. Kabla ya kulipa, uliza bateri ina umri gani, uiendeshe kwenye mupando mukali, usikie kama nyuma inalia. Uangalie ka-grille ka pembeni na ndani yake. Ukishanunua, mufuko wa unga au koti usiweke pale. Na mekanisie akisema bateri imekufa, mwombe kwanza afungue ventilateur mukiangalia wote wawili. Nyingine imekufa kweli, sikatai. Yangu ilikuwa imezibwa pua tu.

Lakini kitu nilichojifunza zaidi si cha gari. Tulimuficha mama ukweli tukiita heshima, na kilichomuumiza ni kufichwa, si nguo kuvuliwa.

Juzi alipita tena, akaenda moja kwa moja nyuma ya gari, akaweka mukono. Akaridhika. Furaha alikuwa jikoni, nikaanza kumwita aje atusaidie kuongea kama kawaida.

Mama bokilo akanikata: "Muache apike. Mambo mingine apeleke yeye. Ya gari, tutaongea miye na weye."

Furaha amesoma mpaka hapa, anasema sijadanganya. Wenye hybrid, inukeni muende mutie mukono pembeni ya kiti cha nyuma, kisha murudi mutuambie mumekuta nini.