Nusu Saa ya Heshima

Stesheni kuu walimwita Mama Kipaza. Aliyeanza ni mkata tiketi mmoja mwenye mdomo, akidai kwamba mwanamke yule hata nyumbani lazima hutangaza chai kabla ya kuimimina. Jina likamganda. Kwa miaka ishirini na miwili alikaa katika kijumba cha kioo juu ya reli, akabonyeza kitufe chekundu na kuwaambia abiria treni gani imeingia. Sauti yake ilijulikana kuliko sura yake.

Stesheni ile ilikuwa na mila yake. Treni ikichelewa chini ya nusu saa, haijachelewa. Hutangazwa kuwa imefika kwa wakati, na mtangazaji huandika vivyo hivyo daftarini. Wenyewe waliiita nusu saa ya heshima. Siku za mwanzo aliuliza, wakubwa wakamcheka: "Ukifika kwa wenye chongo, na wewe fumba lako." Akafumba.

Mdogo wake alikuwa fundi cherehani mkoani, na presha ya macho ilikuwa imeshalizima jicho lake la kushoto. Kila mwezi alipanda treni ya saa kumi alfajiri ili awahi kliniki ya macho jijini. Ratiba ilisema atafika saa tano. Dirisha la kadi lilifungwa saa tano na nusu, na toka stesheni hadi hospitali ni mwendo wa dakika kumi. Mara ngapi alikuta limefungwa! Jioni angemwambia dada yake, "Nisamehe dada, miguu yangu mizito siku hizi." Naye Mama Kipaza angemjibu, "Usijali, mwezi ujao utawahi." Hakuunganisha mambo. Au tuseme ukweli: hakutaka kuyaunganisha.

Kisha serikali ikaleta mpango wa treni ya kasi ambayo ingeikata safari ile ya muda wa saa saba iwe ya saa mbili na nusu tu, na kamati ya bajeti ikawaita wananchi watoe maoni. Mama Kipaza akaomba ruhusa kazini, akamshika mkono mdogo wake, wakaenda kukaa safu ya tatu. Alikuwa na karatasi yake mfukoni, ameiandika vizuri, ya kuomba fedha zitolewe.

Kabla zamu yake haijafika, akasimama mtaalamu mwenye tai ya bluu. "Waheshimiwa, reli tuliyo nayo inatosha. Daftari za stesheni kuu zinaonyesha treni tisa katika kumi zinafika kwa wakati. Anayetaka kasi zaidi, basi wafanyabiashara wamjengee."

Mama Kipaza akashika kiti cha mbele yake. Zile daftari ni mwandiko wake! Akainuka. Mkuu wa stesheni, aliyeketi nyuma yake, akamvuta gauni. "Kaa chini, mama. Umebakiza miaka miwili tu ustaafu. Usijichimbie kaburi."

"Niachie gauni langu, mkuu."

Karatasi ikabaki mfukoni. Akaongea kwa sauti ile ile ya kazini, na ukumbi mzima ukageuka, maana kila mtu aliitambua.

"Waheshimiwa, hizo hesabu ni uongo, na mwongo ni mimi. Treni ya mkoani huingia saa tano na dakika ishirini na tano, nami hutangaza imefika kwa wakati. Wagonjwa wanakuta dirisha limefungwa. Mnasema wafanyabiashara wajenge. Mfanyabiashara gani atatandika reli kwa ajili ya fundi cherehani mwenye kadi ya kliniki? Huyo ana serikali tu. Toeni hizo fedha. Na kabla ya kupiga kura, hesabuni upya, dakika kwa dakika. Nitawasomea mwenyewe."

Mwenyekiti akavua miwani. Akaamuru kura iahirishwe mwezi mmoja na treni ziandikwe kwa saa halisi. Mtaalamu akakusanya makaratasi yake.

Nje, kwenye ngazi, ndipo Mama Kipaza alipoogopa kweli. Si mkuu aliyemwogopa, bali mdogo wake. Alikuwa anatazama viatu vyake kwa jicho lile moja.

"Sikuwahi kuvaa saa, dada," alisema. "Nilikuwa na sauti yako. Nikajua ni miguu."

Mama Kipaza alilia pale pale, mbele za watu, wala hakuficha.

Kesho yake alirudi kwenye kijumba chake. Mkuu alisimama mlangoni, mikono kifuani. Treni ya mkoani ikaingia. Mama Kipaza akatazama saa ya ukutani, akabonyeza kitufe chekundu.

"Abiria, treni ya mkoani imeingia. Imechelewa dakika ishirini na sita. Wanaokwenda hospitali, kosa si lenu."