Bafta ya Bi Salama

Nilipohitimu chuo nikapata ukarani Kilindini, ilinibidi nihame Kibokoni. Siku tatu nilijiuliza: mtu anayehamia mwendo wa saa moja kwa miguu huaga vipi? Nikachelea kuaga kidogo. Basi nilipita nyumba hadi nyumba nikiomba radhi kwa makosa yangu yote. Niendako sikukutaja, nisionekane ninajigamba kwa kazi.

Watu walilia. Nilidhani wananipenda.

Jirani yetu mkongwe, Bi Salama, alinikabidhi bafta nyeupe. "Chukua, mwanangu. Ukifika, niombee."

Niliwaza sana. Kuiacha sandukuni ingekuwa dharau, kwa hiyo nikashonesha kanzu. Wiki mbili baadaye nilikwenda kumwonyesha. Alikuwa barazani na majirani.

"Mwanangu! Makka umekwenda na kurudi mara hii?"

"Makka? Nimehamia Kilindini, bibi."

"Kilindini! Na kilio chote kile tulicholia? Mtu huomba radhi mtaa mzima akienda kuhiji! Haya, iko wapi sanda yangu niliyokupa ukaichovye Zamzam?"

Nikaishika kanzu niliyovaa.

"Hii hapa, bibi," nikasema. "Nimeitia darizi shingoni."