Mama Pamba, Mshona Magodoro

Alizaliwa siku ya Jumanne, tarehe kumi na moja Juni, saa nne asubuhi, manyunyu yakianguka bila upepo. Mkunga aliyempokea alisema hajapata kuona mtoto anayekuja duniani bila haraka namna ile: alilia mara moja, kwa adabu tu, kisha akalala. Baba yake alikuwa fundi magodoro. Mama yake alichambua pamba, yaani aliivuta kwa vidole pamba iliyogandamana mpaka ikawa nyepesi tena. Chumba chao kilikuwa nyuma ya karakana, na mlango wa katikati haukufungwa kamwe. Mtoto alikua kati ya nyuzi nyeupe zilizoelea hewani kutwa nzima, zikipanda polepole penye mwanga wa dirisha na kushuka polepole penye kivuli, na kwa miaka mingi aliamini kwamba hewa ya kila nyumba iko hivyo. Wenzake shuleni walimwita Pamba, kwa kuwa hakuna siku aliyofika bila kishungi cheupe nyweleni. Alipopata mtoto wakaongeza Mama mbele yake, na jina hilo ndilo waumini wa parokia wanalolitaja hadi leo.

Alipokuwa na miaka tisa alishikwa na homa, akalazwa hospitalini siku kumi na mbili. Adhuhuri moja, wodi nzima ikiwa imenyamaza, aliona mtu ameketi miguuni pa kitanda chake, mikono ya shati imekunjwa, akitoa pamba ndani ya godoro lake jembamba, akiichambua na kuirudisha. Aliona, au aliota. Yeye mwenyewe hakutaka kamwe kuamua. Yule mtu alimuuliza, "Nani atalala hapa?" Mtoto akajibu, "Mimi." Mtu akauliza tena swali lile lile. Mtoto akageuza kichwa, akavitazama vitanda vingine, akasema, "Na hawa." Hapo mgeni akatabasamu na kuendelea na kazi yake, na homa ikashuka kabla ya jioni. Mama yake alipohadithiwa alimfunika shuka na kusema, "Homa ikipanda, mwanangu, mtu huona hata harusi ya paka." Lakini lile swali halikumtoka. Alipoirithi karakana akiwa na miaka kumi na saba, alijiwekea sheria: kabla ya kufunga mshono wa mwisho wa godoro lolote, aliweka kiganja juu ya pamba, akauliza kwa sauti ndogo, "Nani atalala hapa?" na kumwombea mtu huyo kwa muda usiopungua dakika tano. Asipomjua, aliuliza. Je, anaumwa mgongo? Anaishi na nani? Wapo walioona ni umbeya. "Fundi," mteja mmoja alimwambia, "nimekuja kushonewa godoro, sikuja kuungama."

Akiwa na miaka ishirini na miwili aliolewa na mwoka mikate wa mtaa wa pili, mtu mpole, mwenye mabega mapana na vicheko vifupi. Mwoka mikate huamka mtaa mzima ukiwa umelala, na hulipa deni hilo la usingizi baada ya chakula cha mchana. Nyumba yao ilikuwa na harufu ya mkate na weupe wa pamba, na wageni walisema ukikaa mle nusu saa unaanza kusinzia kwa raha. Walipata binti. Miaka sita baadaye walipata mtoto wa kiume.

Siku ya Alhamisi, mwezi wa Februari, saa saba mchana, jua likiwa kali, Mama Pamba alitoka kupeleka godoro kwa mteja. Mtoto, mwenye umri wa miezi minne, alibaki kitandani na baba yake. Aliaga kwamba atarudi baada ya nusu saa. Mteja akamkaribisha chai, mazungumzo yakanoga, na saa mbili zikapita. Aliporudi alimkuta mumewe amelala fofofo, na mtoto amelala kwenye mkono wa baba yake, mwili wake wa baridi. Daktari aliyeitwa alimchunguza kwa makini, akasema wapo watoto wachanga wanaoondoka hivyo, usingizini, wala hakuna aliyewagusa wala kuwalalia. Lakini daktari alikuja baadaye. Kabla yake walikuja majirani, na mbele ya majirani hao, mlangoni, Mama Pamba alimwambia mumewe maneno manne: "Umelala mpaka mtoto amekufa."

Tangu siku hiyo mwoka mikate hakulala tena kitandani. Alisinzia kwenye kiti cha jikoni, kichwa ameegemeza ukutani, akizinduka kila kijiko kilipoanguka. Kadiri miaka ilivyopita, rangi ya ukuta ilifutika pale kichwa kilipoegemea, ikabaki duara la ukubwa wa sahani. Vicheko vyake vilikwisha. Mikate yake ilikuwa mizuri vilevile.

Mama Pamba alimsamehe. Alifanya hivyo waziwazi, baada ya arobaini, mbele ya padre. Akina mama wa parokia walimfanya mfano: bibi arusi aliyegombana na mumewe aliambiwa, "Nenda ukamtazame Mama Pamba, kisha urudi utuambie lako ni zito kiasi gani." Naye hakukataa sifa hiyo. Kila Februari alimshonea mumewe godoro jipya kwa pamba bora kuliko zote, akalitandika. Mume alilibonyeza kwa kiganja, akasema, "Zuri, mama. Mungu akubariki," na kurudi kwenye kiti. Mke akapiga magoti na kumtolea Mungu ukaidi wa mume kama msalaba wake. Yakashonwa magodoro kumi na manane. Watu hupenda kuiita miaka hiyo miaka ya uvumilivu wake. Yeye alipozeeka aliiita "miaka ya kiburi changu," na tunapaswa kumwamini.

Neema ilimjia kwa njia ya kosa la kazi. Fundi magodoro hushona kwa shazia, sindano ndefu kama kiganja, na kila jioni huzihesabu. Jioni moja ya mwezi wa Mei moja ilikosekana. Mama Pamba alimlaumu binti yake, ambaye wakati huo alikuwa na miaka ishirini na minne na akifanya kazi pamoja naye. Binti alisema hakuigusa. Mama alisema mikono yake ni mizembe, na hawakusemezana vizuri kwa siku kadhaa. Wiki mbili baadaye, saa saba mchana, aliingia mjane mmoja, mwalimu mstaafu mwenye ulimi mkali, akifuatwa na mchukuzi wa mkokoteni aliyebeba godoro lake.

"Fundi, nilikukosea nini?" mjane aliuliza. "Nimekaa mjane miaka ishirini. Leo nimegundua kuna mwenzangu kitandani, tena wa chuma." Akaiweka shazia mezani.

Mama Pamba alishika kichwa. "Umelalia hii siku kumi na nne, bibi? Na hukuja?"

"Ningejuaje? Ilikuwa ndani kabisa, inanichoma hapa ubavuni nikigeuka. Nikasema ndio uzee. Nikasema huu mfupa wangu umeniharibikia. Nikaenda hata kwa daktari, naye akanipa dawa ya mifupa, nikainywa." Mjane aliketi, akajipepea. "Kinachoniudhi si maumivu. Ni kwamba siku zote hizo nilikuwa naulaumu mwili wangu, masikini, na wewe huku ukipewa shukrani za godoro zuri."

 Mama Pamba alibaki amesimama na shazia mkononi, nyuzi za pamba zikimshukia mabegani, kwa muda mrefu kiasi kwamba yule mchukuzi alidhani amepatwa na kizunguzungu. Kisha alimlipa mjane gharama ya dawa, akamwahidi godoro jipya, akamgeukia binti yake.

"Naomba unisamehe, mwanangu."

"Kwa ajili ya sindano, mama?" Binti alikuwa bado amenuna. "Basi, yamekwisha."

"Kwa sindano kwanza," alisema mama. Akatundika aproni yake kwenye msumari, akaenda nyumbani.

Ilikuwa saa nane mchana. Mumewe alikuwa kwenye kiti chake. Mama Pamba hakuketi. 

"Mzee, kuna neno nilikuambia siku ile, mlangoni."

"Nalijua."

"Unalikumbuka?"

"Kila nikifumba macho."

"Neno lile lilinistahili mimi, halikuwa lako. Nilisema nusu saa, nikakaa saa mbili kwenye chai ya watu. Nilipofika nikaogopa kuulizwa nilikuwa wapi. Nikakuwahi. Daktari alivyosema, nilimsikia vizuri. Sikukurudia kulifuta neno langu."

Mwoka mikate alimtazama kama mtu anayeitwa kutoka mbali. Ndipo akauliza swali ambalo padre wa parokia baadaye alisema lingemtosha kuhubiri mwaka mzima: "Kwa hiyo miaka yote hii ulikuwa unanisamehe nini?"

"Sikuwa na cha kukusamehe," alisema. "Nimekuja kuomba."

 Mume aliinuka, akavaa viatu, akaenda kusugua masinia ya mikate ambayo yalikuwa safi tayari. Siku tatu hakusema naye neno. Aliyekuwa amevumilia hatia kwa miaka kumi na minane sasa alikuwa na haki ya kukasirika, na mkewe alijua kwamba haki hiyo inaweza kumtoa nyumbani moja kwa moja. Hakumbembeleza. Jumapili, katika mkutano wa akina mama, alisimama na kueleza yote, kuanzia chai mpaka shazia, akawaomba wasimtaje tena kuwa mfano. Baadhi walilia. Mmoja alinong'ona kwamba heshima ya nyumba haianikwi hivyo. Alirudi nyumbani akiwa mwepesi na mwenye hofu, na sala yake, kwa mara ya kwanza tangu utoto, haikuwa na maneno. Ilikuwa kama kuelea.

Jumatatu, saa tisa alasiri, mawingu yakiwa yametanda na barabara ikiwa kimya, mwoka mikate alirudi kutoka kazini, akasimama mlangoni mwa chumba. "Mama, mimi hulala upande gani?" Mkewe alimwonyesha. Alivua viatu, akavipanga, akalala chali, mikono kifuani. Mke aliweka kiganja chake juu ya godoro, kando ya bega lake, na hakuuliza kitu.

Alilala saa kumi na nane. Tanuri halikuwashwa. Asubuhi iliyofuata watu wa mitaa mitatu walikuta duka limefungwa, wakaja nyumbani, wengine wakigomba, na Mama Pamba akawajibu mlangoni kwa sauti ya chini, "Leo hakuna mkate. Mzee amelala." Wanasimulia kwamba kelele zilikatika zenyewe, kwamba watu waliondoka wakinyata, na kwamba wengi siku hiyo, maofisini na jikoni, walihisi utulivu wasioweza kuueleza. Parokia huikumbuka kila mwaka kama siku isiyo na mkate.

Waliishi pamoja miaka kumi na mitatu zaidi, na vicheko vifupi vilirudi. Vumbi la pamba lilimharibia Mama Pamba mapafu, naye akafa akiwa na miaka sitini na mitatu, siku ya Jumatano, saa nne asubuhi, akimwomba binti yake auzibue mdomo wa birika kabla ya wageni kufika. Padre ameandika shuhuda kumi na saba za watu wasiopata usingizi waliotulia baada ya kumwomba. Kanisa litazipima kwa wakati wake. Sisi tusingoje. Tumwige katika lililo gumu kuliko yote: kabla hatujapokea sifa ya kusamehe, tuwaulize walio nyumbani mwetu kama hatukuacha kitu chenye ncha ndani yao.

Baada ya mazishi, mjane alikaa na wafiwa siku mbili, akapika, akawakosoa wapishi wengine, akaondoka. Padre alifuta jina la Mama Pamba katika orodha ya wagonjwa na kuliandika katika orodha ya marehemu. Binti alifungua karakana siku ya Jumatatu, akahesabu sindano, akakuta zote zipo, akaanza godoro la mtu asiyemjua. Mwoka mikate alioka mikate mia mbili na arobaini, akaiuza, akarudi nyumbani, akala, akalala.