Mboga Safi ya Kwa Kip

Ukitaka kumjua Mzee Obura, usianzie kwa uso. Anzia chini. Mguu wa kushoto amevaa kiatu ya ngozi, imepigwa rangi mpaka unaweza jiangalia meno. Mguu wa kulia amevaa patipati, zile ndara za bafu. Si fashion, watu wa comments mtulie. Ni gauti. Kidole kubwa ya huo mguu ikiamka vibaya, hata shuka ikiigusa tu mzee anaita mama yake, na mama yake alizikwa kitambo.

Ni jirani yetu hapa Bondeni, Nakuru, kwa hizi nyumba za zamani za kaunsil, na kati yetu kuna ukuta mmoja. Ukuta ya kaunsil si ukuta, ni redio. Kwa hivyo hii story, nusu nimeambiwa na yeye, nusu na bibi yake Edinah, na ile imebaki sikuitafuta, ilinipata nikiwa nimejilalia kwa kitanda yangu.

Kazi yake ni cherehani. Si kushona, kurekebisha. Baba yake alikuwa mtu wa reli, yeye akaingia kiwanda ya nguo, kiwanda ikafa, sasa anazunguka town na bisibisi na kikopo cha mafuta. Akiingia kwa duka ya fundi anasikiliza mashine kwanza, ameinamisha kichwa kama daktari, alafu anaambia mwenye mashine, "Hii haijaharibika. Umeigombeza tu."

Huko kiwandani ndio alikutana na Kipketer. Kiwanda ilipofungwa, Kip alihamia Free Area akafungua mahali pa choma, na anafanya vizuri mpaka wa leo. Na hawa si marafiki wa kutumiana tu meme asubuhi. Mwaka ule mbaya wa fujo za kura, ule hatupendi kutaja, Kip alilaza Obura, Edinah na watoto kwake mpaka mambo ikatulia, na akakula ugali kavu na wao. Edinah humuombea Kip kwa jina. Mimi sijawahi sikia akiniombea, na tunaishi ukuta moja.

Basi Jumamosi ya Obura ilikuwa ni kwa Kip. Anafika mchana, anakaa kwa benchi ya nje na Sitati, yule wa kutengeneza sofa, wanaongea uongo ya mpira hadi jioni. Hiyo ndiyo ilikuwa kanisa yake ingine.

Alafu gauti ikaingia. Daktari wa kliniki akamwambia, Edinah akiwa hapo kando kama askari, "Mzee, nyama nyekundu acha. Maini acha. Na supu ya mifupa usiguse hata na kijiko, hiyo ndiyo mbaya kushinda zote."

Obura akaona Jumamosi imekufa. Mtu ataenda aje kwa choma kunywa soda na kuangalia watu wakitafuna? Lakini alipoenda kuaga, Kip alimcheka.

"Kwani urafiki yetu ni mbuzi, omera? Leta mboga. Mimi nitakuchomea mboga."

"Mboga kwa moto ya nyama? Watu watasema nini?"

"Watu hawalipi makaa yangu."

Hivyo ndivyo ilianza. Obura akawa anapitia soko asubuhi, anachukua pilipili hoho, biringanya, vitunguu kubwa, nyanya zile ngumu, na kojeti, ile inafanana na tango lakini ukiiita tango inakasirika. Anampea Kip, Kip anaenda nazo nyuma. Baadaye zinarudi kwa ubao zikiwa zimeungua maganda, zinatoa moshi, na Obura mwenyewe anamalizia hapo mezani. Anatoa maganda meusi na vidole, anakatakata, anakamulia ndimu, dhania, chumvi, pilipili kidogo. Hakuna sayansi. Ni kitu mtu anaweza tengeneza akiwa anatukanana na Sitati, na ndivyo alikuwa anatengeneza.

Lakini buda, hiyo kitu ilikuwa tamu. Mimi nimeionja. Biringanya ilikuwa inayeyuka kwa mdomo na inaacha ladha ya… wacha, tutafika. Watu wa meza zingine walianza kuomba kidogo ya kusindikiza nyama. Kisha wakaanza kuagiza. Hii Januari, jua ikichoma Nakuru kama inatudai, Kip akatundika ubao nje, maandishi ya chaki: MBOGA SAFI, HAINA NYAMA. Cheruto na wengine wa kwaya, wale wamefunga nyama kwa sababu ya maombi, wakawa wanakuja kubeba za fellowship. Obura naye kila Jumamosi jioni alikuwa anabebea Edinah kidogo kwa karatasi, na Edinah alikuwa anamaliza kabla hajauliza habari ya safari.

Shida ni mguu. Mguu haukuwa umesoma hiyo ubao. Kila Jumapili usiku kidole inafura, Jumatatu mzee anatembea kama anakanyaga mayai. Wakarudi kliniki. Daktari akaangalia damu, akaangalia Obura.

"Mzee, bado unakula nyama."

"Sijagusa."

"Damu inasema umegusa."

Na hapo Edinah, mbele ya daktari, akasema, "Anakula, daktari. Kila Jumamosi yuko kwa choma. Mtu anakaa kwa choma kunusa?"

Hiyo jioni redio yangu ilikuwa na volume yote.

"Baba Oduor, mimi si askari wako. Sema tu unakula."

"Naapa sijala."

"Usiape. Kidole yako inakutaja. Kliniki utakuwa unaenda pekee yako. Mimi siendi kukaa hapo nikisikiza mtu mzima akidanganya daktari."

Mimi nikidhani watarudiana kesho yake, si ndiyo watu wa ndoa hufanya hivyo. Wapi. Edinah aliacha kumkanda mguu, aliacha kumuuliza umeamkaje. Anamuwekea chakula, anatoka. Mzee amekuwa meseji ya seen bila reply ndani ya nyumba yake mwenyewe. Kitu moja tu ndio alikuwa anataka sasa, bibi yake amuamini.

Sasa, kuna kitu moja ya choma lazima ujue. Ukishachagua nyama yako kwa dirisha, unakaa. Hauendi nyuma kwa moto. Kwenda nyuma ni kumwambia mchomaji umekuja kuhakikisha hajabadilisha paja na mbavu, ni kumuita mwizi. Obura, kwa hiyo miaka yote, hajawahi enda nyuma kwa Kip. Angeenda kufanya nini? Kip ni Kip.

Jumamosi iliyopita mfereji wa mbele ulikuwa umekauka. Si mnajua maji ya hii Nakuru. Yule msichana wa kuhudumu, Chepkemoi, akamwambia, "Mzee, nawia tu huko nyuma, kuna mtungi." Obura akaenda na patipati yake, pole pole, mikono imejaa mavumbi ya vitunguu.

Kip alikuwa amempa mgongo. Mbele yake kulikuwa na ile sufuria kubwa ya supu ya mifupa, na ndani ya supu, zikielea kama watalii Naivasha, zilikuwa hoho. Biringanya za Obura zilikuwa zimeshatoka kuoga, ziko kwa wavu juu ya makaa, na Kip alikuwa na nusu kitunguu kwa uma, anachovya kwa supu, anazipaka. Chovya, paka. Chovya, paka. Mkono wa mtu amezoea.

Obura aliniambia alisahau kunawa.

"Kip. Hoho zangu zinafanya nini huko ndani?"

Kip akageuka. Kwanza akacheka, kile kicheko ya kutafuta muda. "Zinaoga tu kidogo. Kabla ya moto."

"Tangu lini?"

"Omera, keti, inakuja."

"Tangu lini, Kip?"

"Tangu mwanzo." Akaweka uma chini. "Ile ya kwanza kabisa nilichoma kavu. Nikaonja. Obura, hata ng'ombe angerudisha. Nikasema huyu ataacha kuja. Atakaa huko Bondeni ahesabu mabati. Nikakuonea huruma. Na supu si nyama."

"Supu ni nyama ya kunywa. Nilikuambia vile daktari alisema. Nilikuambia nikiwa nimekaa hapo mbele."

"Ulisema nyama."

"Nilisema na supu."

Makaa yakapasuka pasuka. Obura akatoka mpaka kwa benchi, akasimama mbele ya Sitati.

"Wewe ulikuwa unajua?"

Sitati akashika simu yake kama imeita. Haikuwa imeita. "Si sisi tulidhani unajua? Mzee, mtu mzima anaweza amini biringanya ni tamu hivyo pekee yake?"

Sasa unaweza cheka. Mimi nilicheka nikiambiwa hapo, nikaona uso wa mzee, nikameza kicheko. Kwa sababu hajamaliza. Alirudi nyuma kwa Kip. Hakutukana. Alisema, "Sawa. Imepita. Nataka kitu moja tu. Twende Bondeni sasa hivi, umwambie Edinah vile umeniambia. Maneno mawili. Alafu nitarudi nikae kwa hiyo benchi, hata sitaongea juu yake tena."

Kip akapanguza mikono kwa aproni. Akaangalia kule nje, kwa ubao.

"Edinah anaimba na Cheruto."

"Ehe?"

"Edinah akijua, kwaya imejua. Wamefunga nyama hao watu, Obura. Wamekula hii kitu kwa fellowship wakiomba. Hiyo ubao nitaweka wapi?"

"Si utoe tu."

"Usiwe hivyo."

"Kip, mimi kwangu naitwa mwongo. Mbele ya daktari."

Na Kip, yule Kip wa ugali kavu, akachukua uma yake tena. "Edinah ni mtu mzuri," akasema. "Atazoea."

Obura hakungoja mboga zake. Alifika nyumbani mapema, na mimi nilijua kuna kitu kwa sababu sikusikia karatasi.

Akamwambia Edinah yote, kutoka mfereji mpaka hoho, na vile alimuomba Kip aje aseme mwenyewe. Edinah akamsikiza mpaka mwisho. Kisha akauliza, pole pole, na hiyo pole pole ilikuwa mbaya kuliko kelele, "Kip? Kip aliyetuficha? Baba Oduor, umekosa mtu wa kusingizia ukachagua huyo?"

Kwanza fikiria hiyo. Mtu amekudanganya, na ukimtaja, jina yake nzuri inakupiga tena. Usiku huo redio ilinyamaza kabisa.

Jumapili baada ya kanisa nilitoka nje nikapata mzee amewasha jiko katikati ya uwanja. Watoto wamesimama wakiangalia kama ni sarakasi. Mwanaume wa Bondeni na jiko, mchana, bila mtu amekufa. Amenunua hoho, biringanya, vitunguu, nyanya, kojeti mbili. Amezipanga kwa wavu wa zamani wa friji. Hana mafuta, hana kitu, ni mboga na makaa tu.

"Mzee, nikurekodi?" nikamuuliza. "Tukupatie followers."

"Ukinirekodi nitakutoboa na bisibisi," akasema, lakini bila nguvu ya kawaida.

Akachoma mpaka maganda yakawa meusi. Akamenya, akakatakata kwa sahani, ndimu, dhania, chumvi, pilipili. Kila kitu vile ya siku zote. Akamuita Edinah akiwa bado na nguo ya kwaya, akamwekea stuli.

"Onja."

"Sina njaa."

"Mama Oduor. Onja tu. Alafu uniite vile unataka."

Edinah akachukua kipande cha biringanya. Akatafuna. Akaacha kutafuna. Akaangalia sahani.

"Umesahau kitu."

"Sijasahau."

Akachukua hoho. Akatafuna hiyo pia, taratibu, kama mtu anatafuta ufunguo kwa mkoba. "Chumvi iko," akasema. "Ndimu iko." Akaonja kitunguu. "Ya Kip ilikuwa na kitu."

"Ilikuwa na supu."

Edinah aliangalia ule mguu wa patipati, kidole bado imefura ya wiki ile ingine, nyekundu kama nyanya. Vile ninamjua, nilidhani atamlaani Kip mpaka ukoo. Hakumtaja.

"Niliambia daktari wewe ni mwongo," akasema.

"Ulimwambia."

"Kliniki ni Jumanne. Nitakuja. Mimi ndiyo nitaongea."

Obura akaitikia na kichwa. Alikuwa anageuza hoho ya mwisho kwa moto, na imeshaiva, haikuwa na haja ya kugeuzwa. Ungedhani mtu ameshinda angefurahi. Mabega yalikuwa chini.

"Na Kip?" Edinah akauliza. "Ulipomwambia aje hapa aniambie, alisema nini?"

Mzee akatoa ile hoho kwa moto.

"Alisema utazoea."

"Nizoee nini?"

"Kuwa na bwana mwongo."

Edinah akavuta stuli ikakaribia jiko. Akachukua sahani yote akaiweka kwa magoti, akaanza kula hiyo mboga haina ladha, kipande baada ya kipande, mpaka ikaisha.